Barua Isiyo na Majina

Siku washenga walipobisha hodi nyumbani kwa Mwalimu Rutashobya, Buhongwa, binti waliyekuja kumposa alikuwa chumba cha nyuma anasifia vigae vya choo.

Usicheke. Ndiyo kazi aliyoipata Noela wiki ile, na aliipata kwa jasho. Duka moja la vifaa vya ujenzi lilitaka maelezo ya vigae arobaini, kila kigae maneno thelathini, na sifa za kimoja zisirudiwe kwenye kingine. Noela alikuwa amefika cha ishirini na sita. Kung'aa kulikwisha kwenye cha tano, kupendeza kukaisha kwenye cha tisa, na sasa alikuwa anakikodolea macho kigae cha rangi ya ugali kwenye simu yake, hana hata neno moja la kukipa.

Alikuwa amechoka. Siyo uchovu wa kulala ukaamka umepona. Miaka mitatu tangu amalize chuo pale Nyegezi alikuwa akiandika kwa yeyote anayelipa: risala za mahafali, wasifu wa marehemu, faida za parachichi, vyumba vya hoteli ambamo hakuwahi kulala. Kuandika kwenyewe kulimpa raha hata leo. Kilichommaliza ni kuitafuta hiyo kazi. Kila asubuhi alituma ujumbe kwa watu kumi. Saba hawakujibu, wawili walisema watamjulisha, na wa kumi alimwambia aandike kwanza sampuli ya bure. Akiandika, sampuli ilitumika na mtu akapotea.

Baba yake hakuiita kazi. "Kazi ina mahali unapokwenda asubuhi," alizoea kusema Mwalimu, ambaye alifundisha miaka thelathini na minane na hakuwahi kuchelewa kengele. Alikwisha zungumza na mkuu wa shule moja ya parokia huko kwao Muleba. Januari Noela angekwenda kuwa karani. Nafasi ilikuwepo, chumba kilikuwepo, na Mwalimu alisubiri tu mwaka uishe.

Na Mihayo? Mihayo, fundi wa injini za boti pale mwaloni Igogo, ambaye Noela alimpenda miaka miwili mizima bila kumwambia mtu isipokuwa mama yake? Huyo walikuwa hawasemeshani wiki ya tatu sasa. Siku waliyogombana Noela alikuwa kibandani kwa Mihayo anaongea kwenye kompyuta na mteja wa Dar, kazi ya miezi sita, mara umeme ukakatika na betri ikafa. Umeme uliporudi, mteja alikuwa ameshampata mwingine. Noela alilia kama mtoto. Mihayo akafuta mikono yake kwenye tambara, akamwangalia kwa huruma, akasema, "Achana na hii kazi, Noela. Nitakulisha mimi."

Alisema kwa mapenzi. Noela alijua. Lakini maneno yale yalimwingia vibaya, akasimama na kumjibu, "Mimi siyo kuku, Mihayo," akaondoka zake. Tangu hapo Mihayo alipiga, simu ikaita mpaka ikachoka, Noela hakupokea.

Sasa mama yake, Mama Teodora, aliingia chumbani bila hodi, ameshika kitenge kipya mkononi.

"Vaa. Haraka."

"Kuna nini, Mama?"

"Wageni wa barua. Wanatoka Magu." Mama alishusha sauti. "Wasukuma. Mzee mmoja mrefu anaitwa Nkwabi, na mwenzake. Wamesema ni kwa ajili ya kijana wa injini."

Noela alikipokea kitenge. Alikuwa ameapa hataki tena, na sasa moyo ulikuwa unamdunda kama wa mtu asiyewahi kuapa chochote. Aliikalia simu pamoja na kigae chake, akajifunga kitenge upande, akajifunga tena.

"Mlikwisha patana?" Mama aliuliza.

"Hapana."

"Mh!" Mama alimrekebisha kitenge. "Basi huyo ana moyo."

Walisimama wote wawili nyuma ya pazia la korido. Sebuleni Mzee Nkwabi alikuwa amekwisha maliza salamu na sasa anajikohoza.

"Mwalimu, sisi siyo watu wa maneno mengi. Tumeleta balua. Tukaona kwenye nyumba ya msomi, balua iseme yenyewe."

"Karibuni," alisema Mwalimu. "Barua inasomwa."

Bahasha ilichanwa. Mwalimu Rutashobya husoma kila kitu kwa sauti, hata bili ya maji, na barua ya posa hakuona sababu ya kuisoma kimya. Alivaa miwani akaanza:

"Kwako mama wa nyumba hii, unayefungua mlango, na kwako baba, mwenye mlango. Amani ya Kristo iwe kwenu nyote mliomo ndani."

Noela alishika ukuta.

Sentensi ile aliijua. Siyo kwamba aliifananisha na nyingine. Aliijua kama mtu anavyoijua nguo aliyoishona mwenyewe. Siku kumi zilizopita Winnie, mwenye duka la kuchapa pale Igogo, alimtumia oda kama zile anazomtumia kila mara: posa, kijana Msukuma, binti Mhaya, Wakatoliki, mteja anataka lugha ya kusomwa na wasomi. Majina acha nafasi. Winnie hakutaja jina la mteja wa posa hata siku moja, kwa kuwa Mwanza watu wanajuana na posa ikivuja kabla haijafika huwa imeharibika. Mwandishi aliandika, Winnie alichapa, na wateja walijaza majina wenyewe kwa kalamu. Katika mji ambao Msukuma anaoa Mhaya kila Jumamosi, Noela hakuwaza mara mbili. Aliiandika mchana mmoja, akiwa hoi, akaituma.

Lakini kwa kuwa alikuwa hoi, alisahau kujiweka kando.

Sebuleni Mwalimu alikuwa amefika kwenye majina. Alisita kidogo, kwa sababu mwandiko wa Mzee Nkwabi ulikuwa umelala kama nyasi zilizokanyagwa. "...kijana wetu... Mihayo... amemwona binti yenu... Noela..." Akaendelea, na sauti yake ikaanza kupungua ukali. Noela alijua kinachokuja. Ni aya ya tatu. Alitamani ardhi impe nafasi ajifiche.

"Hatuji kumtoa binti yenu katika kazi ya mikono yake," alisoma Mwalimu. "Tunakuja kumwongezea mikono."

Mwalimu alivua miwani.

"Mzee Nkwabi. Maneno haya kijana wenu ameyasema?"

"Naam, Mwalimu," alijibu Mzee Nkwabi bila hata kupepesa macho. "Yake mwenyewe. Huyo kijana ana maneno, we acha tu."

Nyuma ya pazia Noela alifumba macho. Ndiyo maneno aliyotamani kuambiwa na mwanamume maisha yake yote. Na aliyemwambia ni nani? Yeye mwenyewe, kwa oda. Mihayo alichosema kwa kinywa chake ni kuwa atamlisha. Akikubali sasa, angekuwa anaolewa na sentensi yake.

"Noela!" baba yake aliita.

Alitoka, akapiga magoti, akawaamkia wageni shikamoo mmoja baada ya mwingine. Mzee Nkwabi alimtazama kwa furaha ya mtu aliyeona kitu chema kikiwa bado dukani.

"Wageni hawa wameleta barua," alisema Mwalimu. "Mila inataka uulizwe mbele yao. Unawafahamu? Tuipokee barua yao au tuwarudishie?"

Jibu lililokuwa likisubiriwa lilikuwa neno moja. Mama yake nyuma ya pazia alikuwa amekwisha weka ulimi tayari kwa vigelegele.

"Nawafahamu walikotoka, Baba," alisema Noela. "Naomba mnipe mpaka jioni."

Mzee Nkwabi aliacha kutabasamu. Mwenzake aliangalia viatu vyake. Mwalimu aligeuka akamkazia binti yake macho, macho ya darasani, lakini Noela hakuinua kichwa.

"Jioni," alisema Mwalimu hatimaye.

"Haina neno, haina neno," Mzee Nkwabi alinyanyuka, ameshika kofia. "Tuna ndugu yetu hapo Nyegezi, tutapumzika kwake. Saa kumi na mbili tutakuwa hapa, Mwalimu. Tunaomba ladhi."

*

Bodaboda ilimshusha Noela Igogo jua likiwa la kichwani. Alipita katikati ya vichanja vya dagaa waliokuwa wakikauka, akashuka kwenye mawe makubwa mpaka kibanda cha Mihayo. Ziwa lilikuwa limetulia, limejaa magugu maji pembeni, na boti tatu zilikuwa zimevutwa nchi kavu zikisubiri injini zao.

Mihayo alikuwa ameinama juu ya injini iliyofungwa kwenye mti. Alipomwona, spana ilimtoka mkononi.

Walitazamana. Wiki tatu si nyingi, lakini Noela aliona amekonda mashavuni, na alikasirika na nafsi yake kwa kuona.

"Umefuata nini huku leo?" aliuliza Mihayo. "Mjomba Nkwabi kaniambia nisikanyage Buhongwa mpaka nipigiwe simu. Wamefika?"

"Wamefika."

"Wamefukuzwa?"

"Hawajafukuzwa. Mihayo, ile barua uliisoma?"

"Barua ya posa kijana haisomi. Mjomba alisema nisiiguse hata bahasha, mambo ya wazee hayo." Aliokota spana, akaishika bila kuitumia. "Kwani imekosewa?"

"Haijakosewa."

"Sasa?"

"Imesema unataka niendelee na kazi yangu. Imesema hamji kunitoa kazini, mnakuja kuniongezea mikono."

Mwanamume mwingine angedaka hapo hapo, akasema ndiyo, ndivyo nilivyomaanisha mpenzi wangu, na mambo yakaisha. Mihayo alijikuna shingo, akaacha alama ya oili.

"Mimi sikumwambia hivyo," alisema.

"Najua."

"Nilimwambia mjomba, mwambie baba yake nitamtunza. Basi. Sijui hayo mengine kayatoa wapi."

Iliuma. Noela alikuwa amejua kuwa itakuwa hivyo na bado iliuma. Alikaa juu ya kreti ya soda akaangalia maji.

"Ungeisoma, ungeikataa hiyo sentensi?"

"Wiki tatu zilizopita ningeikataa," alisema Mihayo taratibu. "Ningesema huyu anaumia, halafu mnataka aendelee kuumia?"

"Na leo?"

Mihayo alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa mbele yake. Hakumgusa, kwa sababu ya mafuta, na labda kwa sababu ya woga.

"Jumatatu alikuja tajiri mmoja mwenye boti. Akanikuta nimelala chini ya injini, oili mpaka masikioni. Akasimama, akatikisa kichwa. Akaniambia, kijana unateseka. Njoo uwe mlinzi kwangu. Utakaa kwenye kiti, kivulini, na hela utapata. Alisema kwa huruma kabisa, Noela. Nilitaka kumpiga na spana."

Noela alicheka bila kupenda.

"Kweli tena. Alipoondoka bado nina hasira. Nikajiuliza, we Mihayo, mtu kakutakia mema, kinachokuchoma ni nini? Ndipo nikakusikia. Mimi siyo kuku." Aliinamisha kichwa. "Nikasema aa! Kumbe ndivyo nilivyomfanyia mwenzangu."

Upepo mdogo ulipita ukaleta harufu ya dagaa. Noela aliona machozi yanamjaa machoni, na hakuwa na nguvu za kuyazuia.

"Nimechoka, Mihayo."

"Najua."

"Siyo kuandika. Kuandika sijachoka."

"Najua. Hata mimi injini sijaichoka. Ninachochoka ni kukaa hapa namsubiri mwenye injini aamue kuileta." Alisimama. "Njoo uone kitu."

Alimwongoza ndani ya kibanda. Kwenye kona ambapo zamani yalirundikwa matenki yaliyotoboka palikuwa pamefagiliwa. Palikuwa na meza ya mbao za kreti, imepigwa randa, na chini yake betri kubwa ya gari imeungwa na inveta. Juu ya meza kulikuwa na soketi moja mpya, nyeupe, safi kuliko kitu kingine chochote mle ndani.

"Inakaa saa sita," alisema Mihayo. "Nimeijaribu na feni. Umeme ukikatika hata huwezi kujua."

"Ulitengeneza lini hii?"

"Jumanne. Nilitaka kukuambia, ulikuwa hupokei simu." Alisimama pale anapangusa soketi ambayo haikuwa na vumbi. "Mimi kalamu siiwezi, Noela, hilo unalijua. Sentensi kama ya hiyo barua siwezi kuitunga hata nikifungiwa ndani. Lakini betri naweza kuchaji. Maji naweza kuchota, chai naweza kupika. Mteja akipiga wakati unaandika naweza kupokea nikamwambia subiri, mwandishi yuko kazini. Hayo naweza. Na ukinuna siku nzima kwa ajili ya kazi iliyokukimbia, nitanyamaza, sitasema tena uache."

Noela alimwangalia mikono ile, ilivyopasuka vidoleni, ilivyoingia weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Alitamani kuishika, akaishika, oili na yote.

"Mihayo, ile barua nimeiandika mimi."

"Ipi?"

"Ya posa. Mjomba wako aliagiza kwa Winnie. Winnie akanipa mimi, bila majina. Sikujua ni ya kwangu mpaka leo Baba anaisoma."

"Yaani nimekuposa kwa maneno yako?"

"Na nililipwa."

"Mjomba alilalamika kuwa huyo mwandishi ni ghali!"

Walicheka mpaka Noela akaegemea meza, na kicheko kile kilikuwa na machozi ndani yake, kikachukua muda kuisha. Kilipoisha, Mihayo alikuwa amebadilika uso.

"Usimwambie Mwalimu."

"Mihayo..."

"Sikiliza. Atasema tumekaa tukapanga. Atasema binti yake amejiposa mwenyewe, Wasukuma wakaja kusindikiza tu. Unamjua baba yako. Utapelekwa Muleba kesho asubuhi. Barua ameipenda?"

"Ameipenda sana."

"Basi mwache aipende. Ni dhambi gani?"

Noela alitazama nje, boti zilivyolala ubavu. Miaka mitatu alikuwa akingoja baba yake asome kitu alichoandika akasema kizuri. Leo kilisomwa, kikapendwa, na sifa zote zikaenda kwa mtu ambaye hata bahasha hakuigusa. Akinyamaza, angempata Mihayo na kumkosa baba. Akisema, angeweza kuwakosa wote wawili.

"Nitamwambia," alisema. "Sitaki kuanza nyumba yetu na kitu ambacho kila Krismasi nitakuwa nakiogopa kisitajwe mezani."

Mihayo hakubisha. Alitembea naye mpaka barabarani, akamsimamishia bodaboda, na ilipoondoka alibaki amesimama pale pale, mikono kichwani.

*

Mwalimu Rutashobya alikuwa sebuleni peke yake. Barua ilikuwa mbele yake mezani, na juu ya barua kalamu nyekundu. Noela alipoiona kalamu ile alisimama mlangoni. Alijifunzia kuandika nyumba hii; kalamu ya kusahihishia aliijua.

"Kaa," alisema baba yake.

"Baba, kuna jambo nataka..."

"Kaa kwanza." Aliigeuza barua imtazame binti yake. "Nimeisoma mara nne. Kalamu nimeishika tangu mchana. Sikupata pa kuiweka."

Noela alitazama karatasi. Ilikuwa safi.

"Mtu aliyeandika hii ni fundi," aliendelea Mwalimu. "Lakini kuna kitu kimoja kinanisumbua. Barua zote za posa nilizosoma, na nimesoma nyingi, zinamsalimu baba kwanza. Hii imemsalimu mama, kwa kuwa ndiye anayefungua mlango. Unajua nani alikuwa akiandika hivyo?"

"Babu," alisema Noela kwa sauti ndogo.

"Babu yako Rwehumbiza. Katekista. Mapadri walimcheka, hakuacha. Akanifundisha mimi. Shuleni sikumfundisha mtu salamu hiyo, niliwafundisha wanafunzi kama mtaala ulivyotaka. Nilimfundisha mtoto mmoja tu, hapo hapo ulipokaa, akiwa darasa la tatu." Alivua miwani. "Sasa nikajiuliza, Msukuma wa Magu amejifunzia wapi?"

"Hata mimi nilijua toka salamu," sauti ya Mama Teodora ilitokea jikoni. "Miaka thelathini na mitano niko kwenye nyumba hii, hakuna mtu wa nje aliyewahi kunisalimia kabla ya Mwalimu."

"Teodora, tafadhali," alisema Mwalimu.

"Nanyamaza."

Noela alishuka kwenye kiti akapiga magoti chini. Alisimulia yote: oda ya Winnie, nafasi za majina, alivyoshika ukuta nyuma ya pazia. Hakujitetea. "Sikujua ni yangu, Baba. Hatukupanga, na Mihayo mwenyewe hajaisoma. Ilikuwa kazi tu. Kosa langu ni kuwa nilichoka, nikaingiza salamu ya nyumbani kwetu kwenye barua ya watu."

"Ulilipwa?"

Swali hilo hakulitegemea. "Nililipwa."

"Kiasi gani?"

"Elfu kumi na tano."

"Kabla au baada?"

"Kabla, Baba. Winnie hapokei oda bila hela."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa kama mtu anayehakikisha hesabu ya mwanafunzi. Kisha akaweka kidole kwenye aya ya tatu.

"Na hii? Ya mikono. Hii ni ya kijana au ni ya mwandishi?"

Noela aliinua macho. Hapa hapakuwa na pa kupita pembeni.

"Asubuhi ilikuwa ya mwandishi peke yake," alisema. "Nimetoka Igogo sasa hivi. Imekuwa ya kijana pia. Amekiri hakuisema. Lakini amenitengenezea meza, Baba, na umeme usiokatika. Amesema nikiandika atapika chai."

Jikoni sufuria ilianguka. Mwalimu alijifanya hakusikia. Alitazama ukutani palipotundikwa cheti chake cha utumishi, miaka thelathini na minane ndani ya fremu moja. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka, ya mtu aliyechoka naye.

"Miaka mitatu nakuona umeinamia simu. Nikadhani unachezea muda. Hukuwahi kunionyesha hata karatasi moja."

"Niliogopa kalamu nyekundu."

Mwalimu aliitazama kalamu ile kana kwamba amewekewa na mtu mwingine. Akaifunga kifuniko, akaitia mfukoni.

"Kesho nitampigia mkuu wa shule Muleba," alisema. "Nimwambie atafute karani mwingine. Wangu ana kazi."

Noela aliweka paji la uso kwenye ukingo wa kiti cha baba yake, na Mwalimu, ambaye si mtu wa kushikashika watoto, alimgusa kichwani mara moja, akaondoa mkono.

"Inuka. Wageni wanarudi saa kumi na mbili. Barua imeletwa kwa maandishi na itajibiwa kwa maandishi." Alitoa pochi. Alihesabu noti taratibu, akaziweka juu ya meza, akazisogeza mbele. "Elfu kumi na tano. Kabla."

"Baba, jamani! Wewe siwezi kukutoza..."

"Usinipunguzie kwa kuwa nimekuzaa. Kazi ni kazi. Shika."

Noela alishika. Mikono ilikuwa bado na oili ya Igogo, na noti ya juu ikapata alama ya kidole. Aliwauliza wateja wengi swali lile lile, mamia yao, na sasa alimwuliza huyu akiwa amesimama wima.

"Mteja anataka barua iseme nini?"

"Mteja hajui," alisema Mwalimu Rutashobya. "Mteja atasikia kwa mwandishi."

Alikwenda chumbani kwake. Kigae cha ishirini na sita kilikuwa bado kinamsubiri kwenye simu, akaigeuza simu kifudifudi. Alichukua karatasi nyeupe na kalamu, kwa sababu hii hakutaka ipite kwa Winnie. Nje mama yake alikuwa anaosha vikombe vya wageni na kuimba. Noela aliandika:

"Kwako mama wa nyumba ya Magu, unayefungua mlango, na kwako baba, mwenye mlango. Barua yenu imefika, imesomwa, na imepokelewa."

Kisha akafika pale ambapo kwa miaka mitatu alizoea kuweka nukta kumi mahali pa majina na kuendelea. Alisimamisha kalamu. Safari hii hakuacha nafasi. Aliandika Noela, akaandika Mihayo, herufi moja baada ya nyingine, kwa mkono wake mwenyewe.